Mchoro wa Kifo cha Orpheus: hawa wanawake wenye marungu ni akina nani, na yule mtoto anakimbia nini?

#1 Mlinzi_wa_Zamu
Wakuu kwema? Niende moja kwa moja. Kuna mchoro wa Italia wa karne ya 15, ile ya kuchongwa kwenye bati la shaba halafu inapigwa chapa kwenye karatasi, unaitwa Kifo cha Orpheus. Aliyeuchonga hajulikani jina. Nakala inayojulikana kubaki ni moja tu na iko Hamburg, Ujerumani. Jamaa kapiga goti moja, kanyanyua mkono kukinga kichwa, wanawake wawili wamemweka kati wanamshushia marungu marefu. Pembeni kuna katoto kanachomoka mbio.

Sasa Orpheus, yule mwanamuziki wa hadithi za Wagiriki, anajulikana kwa jambo moja, kumpenda mkewe Eurydice mpaka akamfuata kuzimu. Akapiga kinubi, wakubwa wa kule wakalainika, akapewa mke kwa sharti asigeuke nyuma mpaka watoke juu, akageuka, mke kapotea mazima. Hadithi ya kuliza kabisa. Mbona huyu mchongaji kaacha yote hayo katuletea ugomvi? Na mke mwenyewe yuko wapi?

Msimamo wangu: mmoja wa hao wawili NI Eurydice. Karudi kudai chake. Mtu umeambiwa kitu kimoja tu, usigeuke, kimekushinda. Mnasemaje?

#2 Dogo_Mabibo
Hahahaha mkuu umemfufua marehemu aje apige mtu. Nakaa siti ya mbele hapa.

#3 BintiMwalimu
Mleta mada asante kwa mada nzuri ila Eurydice hayupo hapo, kashakufa mara mbili huyo. Mara ya kwanza aliumwa na nyoka, mara ya pili ndiyo hiyo ya kugeukiwa.

Hadithi iko kwenye Metamorphoses ya Ovid, mshairi wa Roma. Kitabu cha 10 ni mapenzi na safari ya kuzimu, kifo kiko mwanzoni mwa kitabu cha 11. Baada ya kumpoteza mke mara ya pili Orpheus alikaa ukingoni mwa mto wa kuzimu siku 7 bila kula, mvushaji akakataa kumvusha tena. Akarudi Thrace, nchi ya kaskazini mwa Ugiriki, miaka 3 hakutaka mwanamke yeyote, na wengi walimtaka. Ovid anasema wazi kwamba akawageukia vijana wa kiume, na ndiye aliyewafundisha watu wa Thrace mambo hayo. Wanawake wa kule, wale wafuasi wa Bacchus mungu wa mvinyo, wakamwona kilimani anaimba, mmoja akapiga kelele huyo hapo anayetudharau. Wakamvaa.

Kwa hiyo hao wawili ni wanawake wa Thrace. Hawana majina.

#4 Jogoo_wa_Nakuru
Nimeenda nikaisoma hiyo sehemu ya kitabu cha 11 na aisee hiyo vita ni noma. Wa kwanza anarusha fimbo, haimuumizi. Wa pili anarusha jiwe, jiwe likiwa hewani linasikia wimbo linaanguka chini miguuni pake kama linaomba msamaha. Ndo wale mama wakaamua sawa, kama muziki ndio unamlinda tuuzime muziki, wakapiga ngoma na filimbi na mayowe mpaka kinubi kikamezwa. Hapo ndipo mawe yakaanza kuingia mwilini.

Halafu kulikuwa na wakulima wanalima karibu na hapo. Wakaona ile kitu inakuja wakatoroka wakaacha majembe shambani. Mama wakararua ng'ombe wa kulimia kwanza, kisha wakarudi kwa msanii na hayo majembe. Sasa swali kwa #3, majembe yako wapi kwenye mchoro? Mimi naona marungu tu, na watu ni wawili, Ovid anasema ni kundi zima.

#5 Dogo_Mabibo
Majembe yalikuwa yamekopeshwa jirani.

#6 Sonara_Darajani
Assalaam alaykum. Mimi wa Unguja, kazi yangu dhahabu na fedha, hizi hadithi za Wagiriki nnazijua kidogo tu lakini hiyo kazi ya kuchonga bati naifahamu kwa mkono. Ndugu yangu wa #4 unauliza kwa nini watu wawili na si kundi. Jaribu wewe kuchonga.

Chombo chenyewe ni kichuma chembamba, ncha yake imekatwa mshazari, kishikio cha mbao kinakaa ndani ya kiganja. Huandiki nacho, unakisukuma mbele, na bati unalizungusha kwa mkono wa kushoto juu ya kimto ili mstari upinde. Kila mstari unatoa uzi wa shaba mbele ya ncha na kingo zake zinasimama, ukipitisha kidole zinakukwaruza, lazima uzipare ndo upate mstari safi. Ukikosea si kwamba hapana dawa, unakwangua na kusugua mpaka pawe laini tena, lakini jicho la mtu wa kazi linapaona. Kisha wino unasukumwa ndani ya mistari, juu unafutwa kwa kitambaa na mwisho kwa kiganja kitupu, karatasi inaloweshwa kidogo ndo inabanwa kwa nguvu ivute wino. Na ikitoka imegeuka, kulia kwako imekuwa kushoto.

Kundi zima la wanawake na mang'ombe yaliyoraruliwa kwenye kibati kimoja? Wawili wanatosha, mmoja huku mmoja huku, maana imefika. Na hao wachongaji wa kwanza wa Italia wengi wao walitoka kwenye usonara, hilo halina ubishi.

#7 Kabwe_Mtaalamu
Nakazia #6. Vasari yule mwandishi wa maisha ya wasanii wa Italia alidai kabisa kwamba sanaa hii iligunduliwa na sonara wa Florence, Maso Finiguerra, wakati anajaza weusi kwenye nakshi za fedha akaona anaweza kupata chapa yake kwenye karatasi. Kwa hiyo masonara ndio baba wa mchezo.

#8 Mtafiti_Asiyelala
#7 hiyo ya Vasari haisimami mkuu. Ujerumani kuna michoro ya bati ya kabla ya Finiguerra kufanya hayo, kuna mmoja wa mateso ya Yesu una tarehe kabisa, 1446. Vasari alikuwa mtu wa Florence kwa damu na moyo, kila kizuri lazima kianzie kwao. Usonara ni kweli, ugunduzi wa Florence ni mapenzi ya nyumbani.

Turudi kwenye mada. Kuna kitu mleta uzi hajataja na ndicho kilichoufanya huo mchoro ujulikane. Mwaka 1494 Albrecht Dürer, kijana wa Nuremberg, miaka 23, alichora kwa kalamu ya wino tukio hilohilo: goti hilohilo, mkono huohuo, wanawake wawili, mtoto anakimbia. Ameweka tarehe na alama yake. Wengi wanaamini alikuwa na nakala ya huo mchoro wa Kiitalia mbele yake, au mwingine wa jamii hiyo, maana mwaka huohuo alinakili pia michoro ya Mantegna, mchoraji wa Italia. Na mchoro wa Dürer nao uko Hamburg, jengo lilelile, makumbusho ya sanaa yaitwayo Kunsthalle.

Ila Dürer kaongeza kitu. Juu mtini kaning'iniza utepe wenye maandishi ya Kijerumani yanayomtaja Orpheus kuwa wa kwanza katika mapenzi ya wanaume kwa wanaume, tena kwa neno la kashfa la mtaani. Kwa hiyo Dürer alikuwa anajua sababu ya Ovid na kaiandika palepale.

#9 BintiMwalimu
Asante #8, hapo umenisaidia. Basi na mtoto tumempata. Ni kijana mmojawapo wa hao wa Orpheus, anakimbia yasimkute.

#10 Mama_Wawili
Haiwezekani #9. Mtoto yule ni mdogo sana, mwili wa kitoto kabisa, kale ka miaka miwili mitatu. Mimi naona ni Cupid, mapenzi yenyewe yanakimbia. Waitaliano wa wakati ule walikuwa wanajaza vitoto vya hivyo kila mahali. Mapenzi yamekufa, kitoto kinaondoka. Sioni ugumu wowote.

#11 Jogoo_wa_Nakuru
Cupid bila mabawa wala mshale? Hiyo si Cupid, hiyo ni mtoi wa jirani amepita hapo akaona fujo.

#12 Mtafiti_Asiyelala
#11 unatania lakini kuna watu wanakaribia hapohapo. Dürer huyohuyo miaka michache baadaye, kama 1498, alichonga bati linaloitwa Hercules, na humo kuna mwanamke kanyanyua rungu kwa mikono miwili, na kitoto kinakimbia, na miti nyuma, karibu vilevile. Na hapo Orpheus hayupo kabisa. Ina maana kwake kile kitoto kilikuwa kifaa cha kazi, umbo zuri la mbio ambalo unaweza kulihamishia hadithi nyingine. Kwa hiyo ukiuliza kinamaanisha nini kwenye Hercules unapata jibu jingine kabisa, na watu hawajakubaliana mpaka leo hata hiyo Hercules yenyewe inahusu nini.

#13 Mlinzi_wa_Zamu
Nawasoma wakuu. Ila hakuna aliyejibu kwa nini mchongaji aliacha mapenzi akachagua kipigo. Na mpaka sasa hamjanihakikishia kuwa yule wa kulia si Eurydice.

#14 Dogo_Mabibo
Mleta mada una kesi na mtu nyumbani au?

#15 Ustadh_Mtandao
Hii habari ya sharti la kutogeuka mbona hata kwetu tunayo. Nabii Lut aliambiwa aondoke usiku na watu wake na asigeuke yeyote nyuma, isipokuwa mkewe, Surat Hud aya ya 81. Na Wakristo wanayo kwenye Mwanzo sura ya 19, mke akageuka akawa nguzo ya chumvi. Naona hawa Wagiriki wamechukua humo.

#16 Kabwe_Mtaalamu
Ustadh kwa heshima zote, kufanana si kuchukua. Mke wa Lut anageukia mji uliokuwa unaadhibiwa, Orpheus anamgeukia mtu anayempenda. Kwa Lut aliyegeuka ndiye aliyeadhibiwa, huku aliyegeuka anabaki hai, anayepotea ni yule asiye na kosa. Mimi hapo ndipo hadithi inaponiuma, Eurydice hakufanya chochote.

#17 Mama_Wawili
Na hakulalamika! Ovid anasema wakati anavutwa kurudi chini hakumlaumu mume, angemlaumu kwa lipi, kwamba alipendwa? Ile sehemu inanikaba koo kila nikiisoma. Mleta mada hiyo inaua hoja yako ya rungu, huyu mama hana kinyongo.

#18 Mlinzi_wa_Zamu
Ovid ni mwanaume #17. Aliandika anachotaka kusikia.

#19 Mama_Wawili
Daah. Hiyo nimeikubali kidogo 😂

#20 Mzinga_Tabora
Habari zenu wadau. Mimi nafuga nyuki, nimeingia hapa kwa sababu hadithi hii kwa Virgil iko kwenye kitabu cha ufugaji nyuki na hamjamtaja. Georgics kitabu cha 4. Aristaeus alikuwa mfuga nyuki, alimkimbiza Eurydice akitaka kumkamata, mama wa watu katika kukimbia kando ya mto hakumwona nyoka kwenye majani. Nyuki wa Aristaeus wakafa wote na hakujua ni nini mpaka akaambiwa ni adhabu kwa kifo kile. Kwa hiyo kwa Virgil mkosaji wa kwanza ni huyo mfugaji. Kwa Ovid huyo hayupo, bibi harusi anatembea majanini na wenzake anaumwa, basi.

Na sababu ya kugeuka pia wanatofautiana. Virgil anasema ni wazimu wa ghafla ulimshika. Ovid anasema aliogopa mke asije akazidiwa njiani, akatamani kumwona.

Ila kuna chai kubwa kwenye hicho kitabu. Eti ukitaka nyuki wapya unaua ndama, unamfungia kwenye kijumba, baada ya muda nyuki wanatoka kwenye mzoga. Nyuki hawatoki kwenye mzoga jamani. Kuna aina ya nzi wanafanana sana na nyuki, mabuu yao wanakaa kwenye uchafu na majimaji yaliyooza, wataalamu wengi wanasema ndio walioonekana. Ukiwa mbali unadanganyika kweli, ila nzi ana mabawa mawili nyuki ana manne, na nzi hana kiuno kama cha nyuki.

#21 Jogoo_wa_Nakuru
Tulikuja kwa mapenzi tumefika kwa mabuu. Naipenda hii uzi.

#22 Sonara_Darajani
Mzinga, bei ya asali ya miombo vipi huko saa hizi? Nipatie inbox.

#23 Mtafiti_Asiyelala
Nimjibu mleta mada #13, kwa nini kipigo na si mapenzi. Majibu yapo zaidi ya moja.

Moja ni Mantua, mji wa Italia. Hapo ndipo Mantegna alipokuwa mchoraji wa ukoo wa Gonzaga, watawala wa mji, na kwenye dari la kile chumba maarufu alichokimaliza 1474 kuna visehemu vya hadithi ya Orpheus, kifo chake kimo. Na mshairi Poliziano aliandika mchezo wa Orpheus kwa ajili ya Mantua, wengine wanasema karibu 1480, wengine wanaurudisha nyuma zaidi. Ule mchezo hauishii kwenye machozi. Orpheus anaapa kutopenda mwanamke tena, wale wanawake wanamuua, halafu wanafunga mchezo kwa wimbo wa walevi, kunywa na kunywa. Watu walikuwa wanacheka! Kwa hiyo mtu wa huko akisikia Orpheus miaka ile, kipigo kilikuwa kichwani mwake palepale. Ila mchongaji alikuwa wa wapi hasa, wengine wanasema Ferrara, wengine wanasema ni mtu aliyezunguka kwa Mantegna.

Mbili ni Aby Warburg. Huyu alikuwa mtu wa Hamburg, mwana wa ukoo wa benki, mwaka 1905 alitoa mhadhara akiweka mchoro wa Kiitalia na ule wa Dürer pamoja. Hoja yake ni kwamba lile goti na ule mkono havikubuniwa na mchongaji, viko tangu vyombo vya udongo vya Wagiriki, Orpheus anakufa katika mkao uleule. Wasanii wa Italia walikuwa wanatafuta kwa wazee wa kale namna ya kuonyesha mwili unaoteseka, na hapo wakaipata tayari. Kwa maana hiyo mchongaji hakuchagua kipigo badala ya mapenzi, alichagua mkao.

#24 BintiMwalimu
Sasa #23 niambie, huyo mchongaji wa karne ya 15 alivionea wapi vyombo vya Kigiriki? Vingi vilifukuliwa baadaye sana makaburini.

#25 Mtafiti_Asiyelala
Swali zuri. Jibu rahisi ni majeneza ya mawe ya Kirumi, yalikuwa yamejaa Italia nzima makanisani na mitaani, na yana mikao ya namna hiyo kwenye hadithi nyingine za watu kuraruliwa na wafuasi wa Bacchus. Lakini jeneza lipi hasa, hapo kila mtu ana lake.

#26 Kabwe_Mtaalamu
Huyo Warburg si ndiye yule aliyemuuzia mdogo wake urithi? Kaka mkubwa, umri wa miaka 13, akamwambia mdogo wake Max chukua wewe uongozi wa benki, mimi uninunulie kila kitabu nitakachotaka maisha yangu yote. Max akakubali akidhani vitabu ni vya hadithi vichache tu. Maktaba ikawa kubwa mpaka 1933 ikabidi ihamishiwe London kuwakimbia Wanazi.

#27 Dogo_Mabibo
Mimi nilimwachia mdogo wangu rimoti tu mpaka leo najuta.

#28 Elbe_Mswahili
Salaam kutoka Hamburg. Nimeona jina la mji nikasema nichangie. Msije mkapanda treni mkidhani utaingia Kunsthalle uukute ukutani. Michoro ya karatasi haitundikwi siku zote, mwanga unaiharibu, inawekwa kwenye maboksi na kutolewa kwa maonyesho ya muda tu. Kuna chumba cha kusomea cha hiyo idara, unaomba mapema, unaletewa mezani, kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Mimi nilienda kwa ajili ya michoro mingine ya Italia ya enzi hizo si huu, lakini kitu kimoja nikwambieni, ukizoea kuviona kwenye skrini unashangaa udogo wake na ule weusi wa wino. Mistari unaiona imesimama kidogo juu ya karatasi, ukiinamisha kichwa pembeni ya taa.

#29 Sonara_Darajani
Hiyo ya mistari kusimama ni kweli, wino ulikuwa ndani ya mfereji, karatasi imeingia kuuchukua. Ahsante Elbe.

Na kubaki nakala moja wala haishangazi. Shaba ni laini, ukisha kubana mara mia kadhaa mistari imeanza kulala. Karatasi nayo watu wanabandika ukutani, inaliwa na wadudu, inaloa. Vitu hivi vilikuwa vya bei ya chini mno kuliko mchoro wa rangi, nani anatunza?

#30 Pwani_Taarab
Mbona hakuna anayeongelea ala? Chini pale kuna ala ya nyuzi imeanguka. Mimi mpiga udi ndicho kitu cha kwanza nilichoangalia, maana ukikuta mwanamuziki kaachia chombo chake kianguke chini ujue hapo hali imeharibika, sisi tunaanguka wenyewe chombo kikiwa juu. Nasikia Waitaliano wa wakati ule hawakuwa wanamchora Orpheus na kinubi cha Kigiriki kila mara.

#31 BintiMwalimu
Ni kweli, mara nyingi walimpa lira da braccio, ala ya kushika begani na kupiga kwa upinde, maana washairi wa wakati wao walikuwa wanaimbia hiyo. Marcantonio Raimondi wa Bologna ana bati lake la Orpheus na Eurydice wakiwa njiani kutoka kuzimu, jamaa anapiga ala ya upinde. Kwa hiyo mleta mada, ukitaka mchoro wa mapenzi upo, tafuta huo wa Raimondi. Mke yupo, yuko nyuma ya mume kama hadithi inavyosema.

#32 Mlinzi_wa_Zamu
Nimeuona sasa hivi #31. Mzuri lakini haunifanyi nifikirie chochote. Wa marungu ndio umenikosesha usingizi zamu nzima.

#33 Mzee_wa_Falsafa
Vijana mmezunguka sana kwa Ovid, kuna sababu nyingine na ni za zamani kuliko yeye.

Plato, kwenye Symposium, anampa mmoja wa wazungumzaji maneno makali juu ya Orpheus. Anasema miungu hawakumpa mke wa kweli, walimwonyesha kivuli tu, kwa sababu alikuwa mwoga, mpiga kinubi asiye na ujasiri. Alcestis alikubali kufa kwa ajili ya mumewe, Orpheus alitafuta njia ya kuingia kuzimu akiwa hai. Ndiyo maana wakamwandalia kifo mikononi mwa wanawake.

Aeschylus naye alikuwa na mchezo uliopotea, inasemekana humo Orpheus aliacha kumheshimu Dionysus, ndiye huyohuyo Bacchus, akawa anapanda mlima alfajiri kuliabudu jua, Dionysus akawatuma wanawake wake. Hapo si mapenzi wala nini, ni dini.

Na Pausanias, aliyezunguka Ugiriki karne ya 2, ana yake. Wanawake walimkasirikia kwa sababu aliwashawishi waume zao waache nyumba wamfuate katika kuzunguka kwake. Waliogopa kumuua mpaka walipolewa. Na anasema tangu hapo wanaume wa kule wakawa wanaenda vitani wamelewa.

#34 Jogoo_wa_Nakuru
Wewe mzee umeniua. Hiyo ya Pausanias ndiyo naamini. Mtu anakuja na gitaa anachukua bwana zenu wote wanaenda kuzurura naye, nani hapa hangechukua rungu?

#35 Mama_Wawili
Sahihi kabisa. Mume wa rafiki yangu alifuata bendi ya dansi Moro akakaa huko wiki kadhaa. Marungu yalikuwepo tu, bahati yake dada zake waliwahi mlangoni.

#36 Mtafiti_Asiyelala
#33 umesahau kwamba Pausanias huyohuyo anataja kwamba wengine walisema alipigwa radi ya mungu kwa kutoa siri za ibada, na wengine kwamba alijiua kwa huzuni baada ya kugeuka na kumpoteza mke. Hiyo ya mwisho ndiyo pekee inayofuata mapenzi mpaka mwisho, na ajabu sijaona wachoraji wakiikimbilia.

#37 Kabwe_Mtaalamu
Ongezea Phanocles, mshairi wa Kigiriki. Kwake wanaume wa Thrace waliporudi wakaona kilichofanyika wakawachanja wake zao alama mwilini, kila mke achukue alama ya kosa. Na kwenye vyombo vya Kigiriki wanawake wanaomuua Orpheus mara nyingi wamechorwa chale mikononi na miguuni kweli. Sasa ama hadithi ilitoka kwenye desturi ya chale ya watu wa Thrace, ama ndio adhabu. Kwa Ovid adhabu ni nyingine, Bacchus anawageuza miti, mizizi inatoka vidoleni.

#38 Pwani_Taarab
Kwa hiyo Bacchus aliyewatuma kwa Aeschylus ndiye huyohuyo anawaadhibu kwa Ovid? Hawa wangekuwa na mkutano mmoja wakakubaliana.

#39 Dogo_Mabibo
Kichwa kilienda wapi? Nimesikia kichwa kiliendelea kuimba.

#40 BintiMwalimu
Kichwa na kinubi vilitupwa mto Hebrus, vikaelea mpaka baharini vikafika kisiwa cha Lesbos. Nyoka akataka kukiuma kichwa, Apollo akamfanya jiwe. Kinubi wakasema kiliwekwa mbinguni, nyota za Lyra. Ukiwa Dar mwanzoni mwa Agosti kwenye saa nne usiku tazama kaskazini, ile nyota nyeupe kali ni Vega, ndiyo kubwa ya kundi hilo.

Na Ovid anamalizia hivi, roho ya Orpheus ikashuka kuzimu ikamkuta Eurydice, wanatembea pamoja, mara yeye mbele mara mke mbele, na sasa akigeuka nyuma hapotezi mtu.

#41 Mlinzi_wa_Zamu
Sasa hapo #40 umenisaidia bila kujua. Kwa hiyo waliompiga ndio waliomfikisha kwa mke! Bila marungu hawakutani. Narudi kwenye hoja yangu, kama yule si Eurydice basi anamfanyia kazi Eurydice.

#42 Kabwe_Mtaalamu
Mkuu ungekuwa wakili ungetajirika.

#43 Mtafiti_Asiyelala
Na watu wa opera nao walishindwa kuamua. Monteverdi alipoleta L'Orfeo hapohapo Mantua mwaka 1607, maneno yaliyochapishwa mwaka ule yanaishia na wale wanawake wa Bacchus kumjia juu. Muziki ulipochapishwa 1609 mwisho umebadilika, Apollo anashuka anamchukua mbinguni. Kwa nini ulibadilishwa, wengine wanasema jukwaa halikuwa na nafasi ya mashine za kumshusha mungu siku ya kwanza, wengine wanasema harusi ya mkuu ilikaribia hawakutaka mwisho wa damu.

#44 Mgeni_Leo
Nimesoma uzi wote kwa pamoja, mmenifaidisha. Niongeze mshukiwa mmoja. Hyginus, mwandishi wa Roma, anasema Venus, mungu wa mapenzi, na Persephone, malkia wa kuzimu, waligombea kijana Adonis, aliyeamua kesi ni Calliope, mama yake Orpheus, akawagawia muda. Venus akakasirika kutopewa mtu mzima mzima, akalipiza kwa mtoto: akawafanya wanawake wote wa Thrace wampende Orpheus kwa wakati mmoja, kila mmoja akivuta upande wake. Kwa hiyo hawakumchukia hata kidogo. Kwa maelezo haya ule mchoro ni wa mapenzi kabisa na mleta mada alikuwa anauliza mapenzi yako wapi.

#45 Jogoo_wa_Nakuru
Wakimpenda na hayo marungu ni ya nini?

#46 Mgeni_Leo
Muulize mchongaji. Hyginus anasema waligombania, hakutaja marungu.

#47 Sonara_Darajani
Mimi nshasema, nafasi kwenye bati. Mzinga bado hujanijibu bei.